Seyyid Barghash na Taa Iliyofika Kibera

Hivi majuzi nilipanda kwenda Nairobi kuhudhuria khitma, nikafikia Makina, Kibera, kwa rafiki yangu wa miaka mingi. Yeye ni Mnubi, mzaliwa wa papo hapo, na katika lugha ya kwao hilo neno Kibra maana yake ni msitu. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa chumbani tukinywa kahawa, mara kiza kikatuangukia. Mimi nikadhani stima imepotea mtaa mzima, lakini nilipochungulia dirishani niliona nyumba za jirani zawaka kama kawaida. Kumbe ni tokeni zilizokwisha. Mwenyeji wangu akacheka kidogo kwa haya, akatoa simu, akanunua stima ya shilingi 50, kisha akabonyeza zile tarakimu 20 katika kisanduku cha mita, na nuru ikarudi. Ilikuwa mara ya tatu juma lile.

Nikatazama juu. Ilikuwa globu ya kizamani, ile yenye uzi wa madini ndani, ya wati 60. Kulikuwa na nyingine kama hiyo jikoni, na ya tatu karibu na mlango. Nikaitazama na ile mita, yenye alama ya shirika la stima la nchi yetu, na fikira zangu zikaruka mpaka Unguja, kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Maana shirika hilo lenyewe, likisimulia asili yake, halianzi na Mzungu wala halianzi na Nairobi. Laanza na Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, na jenereta aliyoinunua ili kuangaza kasri lake na njia zilizo karibu nalo.

Wengi wetu wa pwani twamjua Seyyid Barghash kwa Beit al-Ajaib na kwa mkataba wa kufunga soko la watumwa. Si wengi wanaojua kwamba stima iwakayo Mvita, Kibera na Kawangware ina nasaba, na nasaba hiyo yaishia kwake. Kwa hiyo leo nitausimulia umri wake kwa upande huo wa taa, na wasomaji watanisamehe nikipita mbio penye vita na siasa.

Alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837, mmoja katika wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mtoto wa nyumba ile hakupungukiwa na chakula wala nguo. Alichopungukiwa ni nafasi, kwa kuwa ndugu walikuwa wengi na kiti ni kimoja. Mwaka 1856 alikuwa pamoja na baba yake chomboni wakitoka Maskati kurudi Unguja. Seyyid Said akafariki baharini mwezi wa Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, na kijana huyu wa miaka 19 hivi ndiye aliyeifikisha maiti nyumbani. Yasimuliwa kwamba aliishusha usiku, akaizika kabla mji haujapata habari, kisha akajaribu kuikamata ngome. Hakufaulu, na kiti kikakaliwa na nduguye Majid.

Miaka 3 baadaye akajaribu tena. Safari hii dada zake walikuwa upande wake, na mmoja wao, Salme, ambaye alijua kuandika, alimwandikia barua za siri. Mambo yaliishia katika shamba la Marseille. Majid akaungwa mkono na mabaharia wa Kiingereza, Barghash akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko alikaa mpaka mwaka 1861.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu mimi naamini kwamba Barghash tunayemjua alizaliwa mara ya pili Bombay. Watu humtazama mfungwa kama mtu aliyepoteza miaka yake. Lakini tazama mji aliofungiwa. Reli ya kwanza ya Bara Hindi ilikuwa imeanza kwenda hapo tangu mwaka 1853, kutoka Bombay hadi Thane. Na mwaka 1860, yeye akiwa yumo mjini, lilikamilika bwawa la Vihar, na maji yakaanza kuingia mjini kwa mabomba kutoka vilimani. Mtu aliyekulia penye visima na wachukuzi wa maji aliyaona maji yakija yenyewe mpaka karibu na mlango. Baadaye alipopata nguvu Unguja alijenga reli ndogo ya kwenda Chukwani, akaleta mashine ya kupiga chapa, akaleta maji ya mabomba. Mwenye macho ataona alikojifunza.

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakaa kitini. Hakupewa muda wa kufurahi. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu bandarini. Mwaka uliofuata Balozi John Kirk akamjia na mkataba huku manowari za Kiingereza zikitishia kuufunga mji, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa siku hiyo. Walakini utumwa wenyewe Unguja haukufutwa mpaka mwaka 1897, yeye akiwa ameshakufa miaka 9. Karafuu zilichumwa na mikono ya watumwa, na karafuu ndizo zilizolipia mengi ya maajabu yake. Haifai kuisifu nuru na kulificha hilo.

Ukaja mwaka 1875, ambao watu wa Mvita wana sababu yao ya kuukumbuka. Mwezi wa Januari manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga Ngome ya Yesu kwa niaba ya Sultani, ili kumtoa al-Akida Muhammad bin Abdallah aliyemuasi. Katikati ya mwaka huo huo Barghash akasafiri kwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, na njiani akaiona Paris na Misri. London ya wakati ule njia zake ziliwaka taa za gesi usiku kucha. Kwa mtu atokaye mji ambao baada ya Magharibi kila mwenye safari hubeba fanusi yake mkononi, au hutangulizwa na mtumwa aliyeibeba, hilo ni jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Shirika la stima lasema ni mwaka huo huo wa 1875 alipopata jenereta. Tarehe hiyo yataka fikira. Globu ya Thomas Edison ilitoka mwaka 1879, na Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883. Basi taa ya stima ya mwaka 1875, popote duniani, haikuwa globu kama hii ya Makina. Ilikuwa ile taa ya tao, ambayo umeme huruka baina ya vijiti viwili vya kaa na kutoa mwanga mkali wa kuumiza macho. Taa hiyo yafaa minara na viwanja, haifai chumbani. Mimi naona 1875 ndio mwaka wa kuona na kutamani, na vitu vyenyewe vilifuata. Lakini hata ukiipunguza miaka 10, bado Unguja ilitangulia miji mingi ya Afrika, na nyumba ile ya Beit al-Ajaib ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kisiwani kuingizwa stima.

Mbele ya nyumba hiyo, upande wa bahari, alisimamisha mnara wa taa. Ulipambwa kwa taa nyingi sana, hata mabaharia wa Kiingereza wakauita kwa mzaha mti wa Krismasi wa Sultani. Mzaha huo wauma kidogo, lakini ndani yake mna ukweli. Taa zile ziliwekwa zionekane. Mtawala aliyezungukwa na manowari za watu alitaka kila anayeingia bandarini usiku ajue kwamba hapa pana dola.

Sasa iweke taa hiyo kando ya maji. Barghash huyo huyo aliyatoa maji safi chemchemi ya Chem-Chem, akayaleta kwa mabomba mpaka mjini, yakawa ya watu wote. Mwanamke aliyekuwa akinunua mtungi au kungoja zamu kisimani alikinga ndoo yake asilipe. Kadhalika merikebu zake za moshi zilichukua mahujaji kwenda Jeddah, na mashine yake ya chapa ilitoa vitabu vya dini vya madhehebu yake ya Ibadhi. Maji yalifika kila mtungi, lakini taa haikutoka nje ya kivuli cha kasri. Sioni kwamba alikuwa bahili wa nuru. Maji yakishaingia bombani hushuka yenyewe kwa uzito wake, ila taa ya siku zile ilikula makaa na mvuke kila dakika iliyowaka, na sehemu kubwa ya chakula chake ikatoka kama joto bila kumfaa mtu. Hata Sultani asingeweza kuwawashia watu wote taa namna ile.

Nisije nikamfanya malaika. Wazee wa Mvita wanakumbuka kwamba alimtia gerezani Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni mkubwa, kwa ajili ya tofauti za madhehebu, na Sheikh hakutoka mpaka Barghash alipokufa. Na dada yake Salme, yule aliyemwandikia barua, alipokuja baadaye kudai urithi wake hakupewa alichokitaka. Alikuja mwezi wa Agosti 1885, wakati manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya mnara ule wa taa na kuielekezea kasri mizinga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe wakaigawa bara, na yeye wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Afya yake ikaharibika. Akaenda Omani kutafuta nafuu, akarudi, akafariki mwezi wa Machi 1888, umri wake kiasi cha miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya kifalme pale pale mjini, karibu na baba yake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Mnara wake uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita visivyotimia hata saa moja. Beit al-Ajaib ilisalimika siku ile, ila uzee haukuisamehe: sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Jenereta, kama tusimuliwavyo, ilikuwa imeshahama zamani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua, na kwayo ikaundwa kampuni ya kuangaza kisiwa cha Mvita. (Msomaji asimchanganye na Alibhai Mulla Jeevanjee, mwenye ile bustani ya Nairobi.) Mwaka huo huo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kuupa stima mji wa Nairobi. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaungana kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina na kuwa Kenya Power and Lighting. Hata neno lenyewe stima ni shahidi wa siku zile. Kwa Kiingereza lilihusu mvuke, na sisi tuliipa jina hilo merikebu ya moshi na pia nguvu iwashayo taa, kwa kuwa vyote viwili viliendeshwa na mvuke. Waingereza wenyewe stima yao hawaiiti hivyo.

Jambo la kusikitisha ni hili, kwamba kutoka hiyo kampuni ya Nairobi mpaka Kibera ni mwendo wa maili chache tu, na stima ilichukua karibu karne nzima kuufuata mwendo huo. Askari Wanubi walikaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakapigana vita vya Waingereza, na bado serikali ya kikoloni na zilizofuata ziliwahesabu kama wapitaji njia. Nyumba zao zilikuwa za muda kwenye makaratasi, na nyumba ya muda haivutiwi waya. Hatimiliki ya ardhi yao, ekari 288, waliipata mwaka 2017. Rafiki yangu amesoma kwa koroboi na kwa taa ya chemli, na bado aikumbuka harufu ya mafuta ya taa katika madaftari yake.

Watu hawakungoja milele. Ilizuka ile wanayoiita sambaza: mtu mmoja huvuta waya kutoka kwenye nguzo bila ruhusa, kisha huwasambazia majirani, kila nyumba ikilipa kitita kimoja kwa mwezi. Wakubwa huizungumza sambaza kama wizi tu, na wizi umo, lakini yafaa kuangalia pia inavyomfunza mtu. Anayelipa kitita kimoja hana sababu ya kuzima kitu. Globu itawaka mchana kutwa, na koili ya kupikia itabaki nyekundu tangu asubuhi hata kama sufuria haipo juu yake. Waya ni mwembamba, umeungwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya nailoni, na mzigo ukizidi hupata moto. Nyumba zenyewe ni za mabati na mbao zilizogusana mabega. Moto ukianzia chumba kimoja huondoka na safu nzima.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufundisha kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kwa kuwa panya aweza kuukokota utambi akaiunguza nyumba na waliomo. Sisi watoto tulicheka kwa ajili ya yule panya. Nimemkumbuka sana Kibera nilipoona zile nyaya zilivyotambaa juu ya mabati.

Kuanzia miaka ya 2010 mambo yalianza kugeuka. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, serikali na shirika la stima zilileta mpango wa kuingiza mita za tokeni katika mitaa ya mabanda, na mwananchi akaunganishwa kwa shilingi 1,160, wakati mtu wa mahali pengine alitakiwa kulipa makumi ya maelfu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, zaidi ya globu milioni moja za kubana stima ziligawanywa bure nchini: unaleta ya kizamani, unapewa mpya. Rafiki yangu aliwahi kuipata moja. Ilipokufa alirudi dukani kununua ile ya uzi, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote.

Basi usiku ule tulichukua kalamu. Globu ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30 hula yuniti 9. Yeye ana tatu, kwa hiyo ni yuniti 27 kwa taa peke yake. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, bei ya chini kabisa ni ya yule asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi. Yaani taa zake tatu zilikuwa zinakaribia kukimaliza kipimo cha mnyonge kabla hajaingiza redio, simu za watoto, wala pasi. Na katika kila yuniti 10 alizozinunua kwa ajili ya globu hizo, zaidi ya 9 zilitoka kama joto. Alikuwa akinunua jiko dogo lililoning'inia darini, halipiki.

Globu za siku hizi, zile za LED, hazina uzi wa kuchomwa. Ndani yake mna vidonge vidogo vigumu ambavyo umeme ukipita hutoa nuru moja kwa moja, na joto lake ni dogo. Wati 9 za namna hiyo zaangaza kiasi cha zile 60. Tatu zake kwa mwezi, kwa saa zile zile, hula yuniti 4 na kitu kidogo. Tukazitazama hesabu mara mbili, kwa kuwa hakuamini. Nguvu iliyokuwa ikiwasha taa moja inaweza kuwasha sita na ikasaza. Nami nikamrudia Barghash katika moyo wangu: angelikuwa na globu hizi, jenereta yake ingalivuka kasri ikafika Malindi na Shangani, na pengine ikavuka daraja ikaingia Ng'ambo.

Kesho yake nilikwenda Kawangware kumzuru mpwa wangu, fundi cherehani karibu na steji ya 46. Huyu hakuhitaji hesabu zangu. Alimwonyesha mjomba wake globu yake ya LED iliyoinama juu ya cherehani, si ya katikati ya dari, kwa sababu, kama alivyoeleza, anayeshona ni yeye wala si dari. Adui yake ni pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekwisha kula yuniti nzima, na yuniti hiyo ingeiwasha globu yake ya wati 9 kwa saa 111, yaani zaidi ya siku 20 za kazi ya jioni. Kwa hiyo haigusi pasi kwa nguo moja moja. Hukusanya za siku nzima, huanza na za hariri pasi ikiwa bado haijapata moto sawasawa, humaliza na za pamba nzito, na nguo mbili za mwisho za hariri huzipiga akiwa ameshachomoa waya ukutani. Mkewe anataka friji. Wameona moja kuukuu ya bei nafuu, iliyotumiwa ng'ambo, na mimi nikamwambia achukue noti aibane mlangoni mwake: ikitoka bila kuvutwa, baridi nayo hutoka hivyo hivyo, na friji hiyo itamla usiku na mchana. Afadhali adunduize kwa mpya. Tangu kanuni za mwaka 2016 friji mpya zabandikwa karatasi ya nyota, na nyota zikizidi ndipo ulaji unapopungua.

Kutoka kwa mpwa wangu, ukivuka upande wa pili, unaingia Lavington, penye kuta ndefu na miti. Huko bafu moja lenye mashine ya kupasha maji papo hapo huvuta wati 5,000 na zaidi kwa muda mtu anaojimwagia, ambazo ni globu za LED zaidi ya 500. Siwalaumu kwa kuoga maji moto, Nairobi ni baridi. Ila huudhi kusikia kila mwaka masikini wa mabanda wakiusiwa kubana stima, kana kwamba israfu ni ya mwenye globu tatu. Kuna mitambo ya jua ya kupasha maji, na mapaa ya Lavington ni mapana.

Jioni nilirudi Makina kuaga. Rafiki yangu alikuwa ameshabadilisha globu mbili, ya chumbani na ya jikoni. Ya tatu aliitoa pale karibu na mlango akaihamishia nje, juu ya kile kichochoro cha kwendea vyooni, ambako wanawake na watoto wa safu ile hupita usiku kwa kupapasa. Alisema sasa aweza kuiacha iwake hata alfajiri bila kuhofia tokeni. Tulipotoka kwenda msikitini kwa Isha, mtoto wa jirani alikuwa ameketi chini yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, juzuu yake mapajani.